Njia ya Rasta

Kazi yangu ni kuharibu magari ya jeshi. Ndivyo ninavyowajibu majirani zangu wa Kwa Mrombo wanapouliza ninashinda wapi hadi narudi na vumbi kwenye kope. Wanacheka, wakidhani natania. Sitanii. Lori zito likitoka kuundwa, au la zamani likifumuliwa na kufungwa deraya mpya, linaletwa kwenye uwanja wa majaribio, huko kwenye tambarare kavu magharibi mwa Mlima Meru, nasi madereva tunaliendesha mpaka kitu kivunjike. Kisipovunjika tunaongeza mzigo. Afadhali livunjike mikononi mwetu kuliko likavunjikie porini askari wakiwa ndani. Hayo ndiyo maelezo yote, na sijawahi kuona haja ya kuyarefusha.

Mimi mwenyewe si askari. Ni raia niliyechukuliwa kwa sababu niliendesha malori ya mizigo kwa miaka bila kupindua hata moja, sifa ambayo hapa haina maana sana, kwa kuwa hapa kupindua nako kunafanyiwa majaribio. Asubuhi naacha simu getini, navaa kofia ngumu, napanda garini, najifunga mkanda. Jioni nashuka. Katikati hapo nazunguka.

Uwanja una njia zake. Kuna mlima wa zege: unapandisha gari hadi katikati, unalisimamisha kwa breki ya mkono, unangoja upewe ishara, halafu unaondoka bila kurudi nyuma hata shubiri. Kuna bwawa ambalo maji yake yanaingia hadi magotini mwa dereva. Kuna shimo la udongo mweusi, ule unaonata kwenye matairi mpaka gari lionekane limevaa viatu. Halafu kuna njia ya rasta, matuta madogo ya zege yaliyopangwa karibu karibu, mwendo mrefu wa kumfanya mtu asahau alikuwa anafikiri nini. Mlima unakuogopesha na bwawa linakulowesha, lakini ni mara chache kwa wiki. Rasta ni kila siku.

Ndani hatubebi watu. Tunabeba viroba vya mchanga, kila kimoja na uzito wa askari mwenye silaha na begi lake, tunavikalisha kwenye viti na kuvifunga mikanda. Dereva mwenzangu huvipigia saluti asubuhi. "Habari za asubuhi, makamanda," anaviambia, halafu ananigeukia na kusema hajawahi kuona kikosi chenye nidhamu kama hicho, hakiombi ruhusa wala hakiulizi chakula. Siku za mwanzo nilicheka. Baadaye nikawa natoa sauti ya kucheka, inatosha.

Gari limefungwa vifaa vya kupimia kila kona, lakini msimamizi wetu, kapteni wa ufundi, mwanamke asiyepoteza maneno, bado hutungoja mwisho wa mzunguko na swali lake. "Dereva, umesikia nini?" Vifaa vinasema chuma kimefanya nini. Mtu ndiye anayesema kama kiti kinapiga kiuno, kama usukani unavuta kushoto, kama sakafu inaunguza nyayo. Nilikuwa hodari kwa hilo. Niliwahi kumwambia kuna nati imelegea upande wa nyuma kulia, na mafundi walipolala chini ya gari wakaikuta.

Ganzi ilianza vidoleni. Nilikuwa nafunga vifungo vya shati kwa kuvitazama, kama mtu anayesoma. Siku moja, kwenye nyumba ninayopanga, niliepua sufuria ya chai jikoni bila kitambaa, nikaisogeza taratibu hadi mezani, na aliyepiga yowe ni mama mwenye nyumba. Nilitazama viganja vyangu. Vilikuwa vyekundu, basi. Kisha ganzi ikashika mgongo, kuanzia mabegani hadi kiunoni, hata nikiegemea ukuta sijui kama ni ukuta au hewa. Daktari alisema mishipa ya fahamu imechoshwa na mtikisiko, nipumzike. Nikamweleza kapteni ukweli wote.

"Husikii kitu kabisa?" akauliza.

"Masikio yapo, afande."

Hakucheka. Alisema nimalizie gari lile tulilokuwa nalo, halafu atanihamishia stoo. Nikajibu sawa. Jambo kama hilo, mtu kuondolewa kwenye kazi anayoijua, nilitarajia liniume. Nilijitafuta ndani nikaona hamna kitu, si hasira wala huzuni. Nikaenda kunywa chai.

Ni katika siku hizo za kumalizia ndipo mama alipozidiwa.

Kwetu ni Nkoaranga, upande wa pili wa mlima uleule. Kwenye tambarare zetu za majaribio mlima unaonekana mkavu na wa mbali. Ukizunguka huku unakuta mvua, migomba, kahawa, na vijia vinavyopanda wima kama vilichorwa na mbuzi. Mama alikuwa amelazwa hospitalini kwa wiki kadhaa kwa ugonjwa wa ini. Jioni moja nilichukua simu yangu getini nikakuta dada yangu amepiga mara nyingi. Nikampigia.

"Wamesema hakuna tena cha kufanya," dada akasema. "Na yeye anataka nyumbani. Anasema akifia hapa hatatusamehe."

"Kwani atajuaje?" nikasema. Ndilo jibu lililokuja. Dada akasema nije kesho.

Alichokuwa anaogopa mama nilikijua, na hakikuwa kifo. Katika ukoo wetu, mtu aliyekata roho nje ya nyumba yake haingizwi tena ndani. Analazwa uani chini ya turubai mpaka azikwe. Mchungaji wetu amehubiri mara nyingi kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na wazee wa ukoo wanaitikia amina, halafu wanafanya vilevile. Baba alifia njiani akitoka kuuza ndizi. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha kama siku hizi, na jeneza lake likakaa nje chini ya turubai linalovuja, na mama akakaa nje naye kwenye kigoda, akikataa kuingia ndani. Nilikuwa tayari mtu mzima, nalikumbuka blanketi alilojifunika lilivyolowa likawa jeusi. Tangu hapo alikuwa na ombi moja tu, akilisema hata katikati ya mazungumzo ya kawaida, akimenya ndizi: "Mimi msije mkaniacha mvuani."

Nilipofika hospitalini nikamkuta amekuwa mdogo. Macho yalikuwa ya njano. Dada alikuwa anamlisha loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, kwa kijiko, na mama anaikataa kwa heshima, kama mgeni aliyeshiba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na gari lako?"

"Lile si langu, mama. Ni la jeshi."

"Linabeba nini?"

"Mchanga."

Akafikiri kidogo. "Serikali ina mambo," akasema. "Nitoe hapa basi. Nataka kitanda changu."

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuwepo pale na fimbo yake. Ndiye mzee wa ukoo sasa, ndiye anayesimama mlangoni siku za misiba. Aliniita pembeni. "Wewe si ndiye unaendesha yale madude yanayopanda ukuta? Leta moja, limfikishe mama yako mlangoni. Njia imekuwa utelezi mtupu." Nikamweleza kwamba haiwezekani. Akaniambia niombe kwanza, mkataa pema pabaya panamwita. Nilishindwa kuona methali hiyo inaingiaje hapo, lakini huwezi kubishana na baba mkubwa, kwa hiyo nilimpigia kapteni.

"Afande, nina ombi ambalo jibu lake nalijua."

"Kama unalijua mbona unaomba?"

"Nimetumwa na ukoo."

Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema gari la majaribio halitoki getini, na mimi najua. Nikasema najua. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Pole sana kwa mama. Usirudi kazini mpaka umalize." Hata lingetoka lisingefaa. Ni pana kuliko kijia na shamba la jirani kwa pamoja, lingefika mlangoni likiwa limeng'oa kahawa ya watu wote.

Tulimtoa siku hiyohiyo baada ya chakula cha mchana. Gari la kukodi lilitufikisha hadi kwenye duka la mwisho, pale barabara inapokatika, na kutoka hapo majirani walikuwa wanatungoja na machela: fito mbili na blanketi lililoshonwa katikati. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyo na haraka. Tukamlaza, tukamfunika nailoni, wanaume wanne wakainua. Mimi nilikuwa mbele kushoto. Fito ilikuwa kwenye kiganja changu, lakini nilikuwa natazama kila mara kuhakikisha sijaiachia.

Nilimpandisha mama kwa akili ya kazini. Sijivunii na sijutii, ndivyo nilivyo sasa. Nilikuwa naupima mteremko, naona pa kukanyaga, nasikiliza fito inavyolia, nawaambia wenzangu wa nyuma wainue ili asiteleze kuelekea miguuni. Mama hakulalamika. Mara moja tu alisema, "Mnanitikisa," na nikawaambia wapunguze hatua. Wewe, nilikuwa najiambia, huyu ni mama yako, na maneno hayo yalikuwa yanapita tu.

Tulikwama kwenye mfereji. Siku za kawaida unavuka juu ya magogo mawili, na baada ya hapo kijia kinapita katikati ya kingo mbili za udongo, pembamba, mtu mmoja mmoja. Mvua ilikuwa imelibeba gogo moja. Wanaume wanne na machela hawakuwa na pa kupita. Wakaanza kubishana, huyu anasema tuzunguke kwa juu, yule anasema kwa juu kumeporomoka. Nikamtazama mama. Alikuwa anavuta pumzi kwa mapengo.

"Nitambeba mgongoni," nikasema.

"Na mgongo wako huo?" dada akauliza. Kati ya ndugu, yeye ndiye peke yake niliyekuwa nimemweleza.

"Haujavunjika. Haunisemeshi tu."

Dada akafungua kitenge alichojifunga juu ya nguo, tukamwinua mama, akamfunga mgongoni kwangu kwa mbeleko, akakaza fundo kifuani pangu kama anavyofunga watoto wake. Mmoja wa majirani akaguna, hajawahi kuona mwanamume mzima amefungwa mbeleko. Mama akamsikia. "Wewe mama yako akifika hapa utamfanyaje?" akamwuliza. Kisha akaniambia mimi, "Nenda. Usiegemee kushoto, tangu utoto unaegemea kushoto."

Alikuwa mwepesi kuliko kiroba kimoja. Hilo lilinishtua, na ndilo jambo pekee lililonishtua siku ile. Nilivuka gogo kwa gambuti zangu, nikaingia kwenye kile kijia chembamba. Dada alikuwa nyuma yangu, ameshika mgongo wa mama kwa mkono mmoja. Nilijua mama yupo kwa sababu kitenge kilikuwa kinavuta mabega, na kwa sababu alikuwa anaongea sikioni mwangu. Mgongo wenyewe haukuniambia lolote. Hapakuwa na kifua wala mapigo, hata uzito haukuwa wa mtu.

"Jiwe hilo linacheza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hapo kwa huyu bwana, ameacha kupalilia."

"Ameacha."

"Kata kulia. Hapana, baada ya mgomba."

Alikuwa anakijua kijia kile kwa miguu, amekipanda na madebe ya maji, na mikungu ya ndizi, na sisi. Aliniongoza macho yakiwa yamefumbwa, dada aliniambia baadaye. Kisha akanyamaza. Alikuwa ameshanyamaza kabla ya hapo na kuanza tena, kwa hiyo sikushtuka. Tukapita kona ya kwanza bila neno, na ya pili.

"Mama," nikaita.

"Amesinzia," dada akasema nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Twende tu."

Kwenye mteremko wenye utelezi ukisimama katikati, kuanza tena ndiko kunakokuangusha. Sikusimama. Nilitega sikio nisikie pumzi, lakini mvua ilikuwa imeongezeka juu ya majani ya migomba na pumzi zangu mwenyewe zilikuwa kubwa. Nilimwomba Mungu, kwa Kimeru, lugha ambayo sikuwa nimemwomba kitu kwayo tangu utoto, anirudishie mgongo wangu hata kwa muda wa kufika pale juu, halafu akitaka auchukue moja kwa moja. Haukurudi. Nikaendelea kupanda.

Uani watu walikuwa wamejaa chini ya upenu. Turubai lilikuwa limekunjwa kando ya ukuta, na fito zake nne zimeegemezwa. Mtu alikuwa ameshajiandaa. Baba mkubwa, aliyetutangulia kwa njia ya juu na matope hadi magotini, alisimama mlangoni. Si kwa ubaya. Mahali pake ni hapo.

"Yu hai?" akauliza.

Dada alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kichwa cha mama kilikuwa begani kwangu, na nilipogeuza shingo niliona mdomo wake uko wazi kidogo na maji ya mvua yanapita pembeni mwake bila yeye kuyajali.

"Amekata njiani au amekata hapa?" baba mkubwa akauliza tena, taratibu. Watu wote wakanitazama mimi. Ni haki yao. Ndiye niliyekuwa nimembeba, ngozi kwa ngozi, na mwanamke yeyote pale anajua mtoto aliye mgongoni kwake kama amelala au amezimia au ana homa, bila kugeuka.

"Sijui," nikasema.

"Hujui vipi, na alikuwa mgongoni kwako?"

"Sijui, baba mkubwa. Sikusikia."

Ndipo mama mkubwa, dada yake mama, alipotoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Hakumtazama mtu. Akaja moja kwa moja, akaingiza mkono kati ya shingo ya mama na kitenge, akautuliza pale.

"Huyu ana joto," akasema. "Sogea mlangoni."

"Una hakika, shemeji?" baba mkubwa akauliza. "Mambo haya si ya kukisia."

"Nimekwambia ana joto. Mwenye joto ni mtu, na mtu anaingia kwake." Akanishika kifundo cha mkono, akaupeleka mkono wangu nyuma, akaubonyeza mahali palepale wake ulipokuwa. "Mwambie. Wewe ndiye mwanawe. Ana joto au hana?"

Nilisimama pale mvuani na kiganja changu kwenye shingo ya mama. Nilibonyeza. Nilifumba macho, nikidhani labda nikiacha kutazama kitakuja kitu. Hapakuwa na joto, hapakuwa na baridi, hapakuwa na ngozi. Nilitaka kulia, na nilijua hapo ndipo mtu analia, lakini hata hilo halikuja.

"Ana joto," nikasema.

Baba mkubwa alinitazama kwa muda, kisha akamtazama mama mkubwa. Akasogea.

Tukamwingiza, dada akafungua fundo, tukamlaza kitandani kwake, upande wa ukutani anaoupenda. Mama mkubwa akamfumba macho na kuanza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na wanawake wakaupokea. Nje mtu alilibeba turubai, akalirudisha alikolitoa. Mimi nikaketi kwenye kigoda, nikaushika mkono wa mama kwa mikono yangu yote miwili. Nilitaka niwepo utakapokuwa unapoa, nijue kwa mkono wangu mwenyewe kwamba amekwenda. Niliushika mpaka wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, watu wakaingia na kutoka, nami nangoja.

Mwishowe dada akaja, akaugusa ule mkono, akaniambia kwa upole niuachie, umeshapoa kitambo.